Mwamba Ngoma: Msafara wa Zambezi na Hesabu Zetu za Kazi ya Kikundi



Ndugu zetu wapenzi, wazazi na wanafunzi, wazee walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii tunaisikia tangu utotoni, na kwa kawaida tunaitumia kumsuta mtu mwingine: jirani aliyegawa vibaya, mjumbe wa kamati aliyejisifu, ndugu aliyechukua fungu kubwa la urithi. Ni mara chache mno tunaisema huku tukijinyooshea kidole wenyewe. Na waliotunga methali hawakusema mwamba ngoma ni mwizi. Walisema anavuta ngozi kwake, kwa kuwa upande wake ndio upande aliosimama.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama tabia hiyo kwa jicho la historia. Tutasimulia habari za watu waliopewa kazi moja, wakapanda chombo kimoja, wakaugua homa moja, kisha kila mmoja akarudi na hesabu yake ya nani alifanya kazi na nani aliiharibu. Kisa hicho kilitokea hapahapa Malawi, katika mto Shire na katika ziwa letu, baina ya mwaka 1858 na 1864. Lakini kwanza tueleze kilichotufanya tukitafute.

Ramani ya wanafunzi

Wanafunzi wa madrasa yetu hapa Dzaleka walishirikiana na wenzao wa Lilongwe kutengeneza ramani kubwa ya njia za misafara ya zamani, kutoka Nkhotakota kuvuka ziwa, kushuka Kilwa na kufika Zanzibar. Ilikuwa kwa ajili ya siku ya wazazi. Kutoka Dzaleka, ambayo iko wilaya ya Dowa, hadi Lilongwe ni kiasi cha kilomita 45 tu, lakini tangu mwaka 2023, serikali ilipotekeleza agizo la kuwarudisha wakimbizi kambini, kwenda mjini na kurudi si jambo la kila siku. Kwa hiyo kazi iligawanywa. Vijana wa Dzaleka wakasoma, wakakusanya majina ya miji, wakachora. Vijana wa Lilongwe wakanunua karatasi ngumu na gundi, wakapiga chapa maandishi, wakakata, wakabandika, wakaipamba.

Ramani ilipendeza. Mzee mmoja mwenye kheri akatoa zawadi ya fedha kwa kikundi kizima, iwasaidie katika ada ya mtihani wa kidato cha nne. Basi hapo ndipo ngoma ilipoanza kuwambwa. Tuliwaomba wale vijana sita kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi sehemu yake ya kazi. Wawili waliandika nusu. Mmoja akaandika zaidi ya nusu. Hakuna hata mmoja aliyeandika chini ya robo. Mtoto wa shule ya msingi angeweza kuwaambia kuwa hesabu hiyo haijumlishiki.

Tena kulikuwa na kosa moja katika ramani: Mikindani iliwekwa kaskazini ya Kilwa, ilhali iko kusini. Katika kosa hilo hakuna aliyedai robo wala thumni. Wa Dzaleka walisema waliobandika ndio waliohamisha, wa Lilongwe wakasema mchoro ulikuja hivyo. Vijana wawili waliokuwa wakiitana ndugu wakawa hawasalimiani. Wasomaji wetu wanajua uzito wa hilo. Kuacha kutoleana salamu kwa Waislamu wawili si jambo la mchezo, na ada ya mtihani kwa mtoto wa kambini nayo si jambo la mchezo.

Sisi walimu hatuamini kwamba vijana wale walidanganya. Tungeamini hivyo, kazi ingekuwa nyepesi: tungewahimiza wawe wakweli, tukafunga mjadala. Tatizo ni kwamba kila mmoja aliandika alichokiona. Aliyechora aliona usiku aliokesha na taa ya sola iliyomzimikia. Hakumwona mwenzake akizunguka maduka ya Lilongwe kutafuta karatasi. Ndipo tukawaletea kisa cha Zambezi.

Wazungu saba katika chombo kimoja

David Livingstone aliporudi Uingereza mwaka 1856 alipokewa kama shujaa. Alikuwa amevuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, na aliwaambia watu wake kwamba mto Zambezi unaweza kuwa njia ya meli za biashara kuingia ndani ya Afrika, na biashara halali ingeua biashara ya watumwa. Serikali ikampa fedha na watu. Machi 1858 wakaondoka Liverpool. Walikuwa Wazungu saba: Livingstone mwenyewe, kiongozi, Norman Bedingfeld, ofisa wa jeshi la majini, John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, Thomas Baines, mchoraji na mtunza stoo, Richard Thornton, mtaalamu wa miamba, kijana wa karibu miaka 20, George Rae, fundi wa mitambo, na Charles Livingstone, mdogo wake kiongozi. Pamoja nao walikuwapo mabaharia wa Kikru waliochukuliwa Sierra Leone, na baadaye watu wengi wa huku waliopiga makasia, waliokata kuni, waliobeba mizigo na kuonyesha njia.

Haukupita muda. Bedingfeld na Livingstone waligombana juu ya nani ana amri juu ya chombo, na ndani ya mwaka huohuo wa 1858 Bedingfeld akajiuzulu. Novemba wakafika kwenye maporomoko ya Cahora Bassa. Maji yalikuwa yakianguka baina ya majabali kwa namna ambayo hakuna chombo kingepita. Mpango mzima ulikuwa umekufa pale, na sababu yake ilikuwa moja: mwaka 1856 Livingstone alipopita eneo hilo alishika njia ya mkato ya nchi kavu, wala hakuyaona maporomoko aliyoiahidi serikali kuwa mto unapitika.

Mtu angetarajia nini baada ya hapo? Sisi tungetarajia kiongozi aketi na wenzake awaambie, jamani, hesabu yangu haikuwa sawa. Yaliyotokea ni mengine. Lawama zilianza kugawanywa kama sadaka. Boti yao ya mvuke, Ma Robert, ilikuwa na mabati membamba yaliyotoboka kwa kutu na tanuri iliyokula kuni kupita kiasi. Lawama akatupiwa aliyeiunda. Thornton, ambaye homa na vidonda vya miguu vilimwangusha, aliambiwa ni mvivu akafukuzwa mwaka 1859. Baines naye, ambaye homa ilimpanda hata akapoteza fahamu, alituhumiwa kuchezea vitu vya stoo, akafukuzwa mwaka huohuo. Baines alikana, akaomba shauri lake lisikilizwe, na akaendelea kukana mpaka alipofariki Durban mwaka 1875.

Tusimame kidogo kwa Thornton, kwa sababu kwake ipo hoja. Mwaka 1861 kijana huyu aliyeitwa mvivu alifuatana na Mjerumani Karl Klaus von der Decken hadi Kilimanjaro, akafanya kazi ya kupima mlima na nchi iliyouzunguka. Kisha akarudi tena huku Shire. Mwaka 1863 wamishonari walikuwa wakifa kwa njaa, naye akatembea kwa miguu hadi Tete kuwaletea mbuzi na kondoo. Aliwafikisha. Akafa kwa homa Aprili ya mwaka huo, akiwa na miaka 25. Mvivu wa namna gani huyo? Bila shaka alikuwa kijana, mgonjwa, mgeni wa joto la Tete, na kiongozi wake hakuuona ugonjwa ule. Aliona kitanda tu.

Msafara ulipoikosa Zambezi ukageukia Shire. Septemba 1859 wakafika kusini mwa ziwa letu, wakaliita Nyassa. Uingereza ikaambiwa kwamba Livingstone amelivumbua. Hapa wanafunzi wetu wa Kiyao hucheka, na wana haki. Tangu miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mtu aliyetokea Zanzibar, alikuwa na kituo chake Nkhotakota, ndiye aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, na majahazi yalikuwa yakivuka ng'ambo na kurudi. Tena kulikuwa na Mreno wa Tete, Candido José da Costa Cardoso, aliyesema kwamba alifika ziwani mwaka 1846. Livingstone mwenyewe alizungumza naye mwaka 1856 akaandika maelezo yake. Baada ya 1859 akabishana kwamba Candido hakufika kabisa, kwa sababu maelezo hayalingani na ziwa. Inawezekana hayakulingana. Lakini tazameni jinsi mizani ilivyobadilika: ushahidi uliotosha kumpa hamu ya safari haukutosha tena kumpa mwenzake sehemu ya sifa.

Serikali iliurudisha msafara nyumbani kwa barua ya mwaka 1863. Mwaka 1865 kikatoka kitabu cha habari zake, na waandishi wake walikuwa wawili: David na Charles, mtu na mdogo wake. Humo lawama kubwa ya kushindwa iliangukia Wareno na biashara ya watumwa. Tusiseme kwamba hilo ni uongo. Biashara ya watumwa ilikuwa ikiiunguza nchi ya Shire kweli, na maiti zilikuwa zikielea mtoni. Lakini maporomoko ya Cahora Bassa hayakuwekwa na Wareno.

Madaftari yalipokutanishwa

Kwa miaka karibu mia moja watu walisoma hasa hesabu ya upande mmoja. Kisha yakaanza kutoka madaftari ya wengine. Shajara za Livingstone za safari hiyo zilichapishwa mwaka 1956, karatasi za Thornton mwaka 1963, na shajara na barua za Kirk mwaka 1965. Kirk huyo ndiye aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar, aliyehusika na mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa. Alikuwa mtu mtulivu, asiyependa ugomvi, na alikaa na Livingstone karibu mpaka mwisho. Lakini usiku, katika daftari lake, alifika mahali pa kutilia shaka hata akili ya kiongozi wake.

Anayeyasoma madaftari hayo pamoja anaweza kudhani ni misafara mitatu tofauti. Na kwa mtazamo wetu hilo ndilo somo kubwa, kubwa kuliko swali la nani alikuwa na haki. Hawa hawakuwa waongo wakubwa. Kirk alikuwa mkweli. Thornton alikuwa mkweli. Hata Livingstone, ambaye hakuna awezaye kumkana ushujaa wake, aliandika alichokiona kutoka mahali alipokuwa amesimama. Kila mmoja aliuona mzigo wake mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni, na mzigo wa mwenzake aliuona pale tu ulipoanguka.

Kwa ndugu zetu wanaosoma elimu ya nafsi chuoni, jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwauliza wanandoa 37, kila mume na mke mbali na mwenzake, juu ya shughuli 20 za nyumbani: nani hupika, nani husafisha, nani hulea watoto. Katika takriban robo tatu ya nyumba hizo, sehemu ya mume na ya mke zilipojumlishwa zilizidi kazi yote iliyokuwapo. Wazazi wetu watacheka hapa, na bila shaka mama atamtazama baba. Lakini lipo jambo la ajabu zaidi. Walipoulizwa nani husababisha ugomvi wa nyumbani, hapo pia wengi walijitwalia sehemu kubwa. Kama ingekuwa ni kiburi tu, mtu asingejizidishia aibu. Watafiti walieleza kwamba shina mojawapo ni kumbukumbu: yangu nayakumbuka kwa wingi na kwa wepesi, ya mwenzangu nayakumbuka kwa uchache.

Kiburi nacho kipo, hatukatai. Ndicho kinachofanya Mikindani ikose mwenyewe. Lakini aliyesahau na mwenye kiburi hawatibiwi kwa dawa moja, na sisi wazazi na walimu tumezoea kuwapa wote dawa ya kiburi.

Usiku wa Badri

Baadhi ya vijana walisema, mwalimu, hao walikuwa wakoloni, ndiyo maana. Hapana, wanangu. Hebu turudi kwenye watu bora zaidi waliopata kukanyaga ardhi baada ya Mitume, katika siku yao bora zaidi.

Mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria (624), Waislamu wapatao mia tatu na kumi na kitu walisimama Badri mbele ya jeshi lililowazidi mara tatu, na Allah akawapa ushindi. Imepokewa kutoka kwa Ubada bin Samit (RA), katika Musnad ya Imam Ahmad, kwamba adui alipovunjika watu wakawa makundi matatu. Kundi moja liliwafukuza adui. La pili likakusanya ngawira. La tatu likamzunguka Mtume (SAW) kumlinda asishambuliwe kwa ghafla. Usiku ulipoingia na watu wakakusanyika, waliokusanya walisema mali ni yetu, sisi ndio tulioikusanya. Waliofukuza wakasema hamna haki zaidi yetu, sisi ndio tuliomsukuma adui mpaka mkaweza kuokota. Waliolinda wakasema nasi tungeweza kufanya yote hayo, lakini tulichelea Mtume asidhurike.

Angalieni kwamba hakuna kundi lililosema uongo. Bila ya waliofukuza kusingekuwa na cha kuokota. Bila ya walinzi kungeweza kutokea msiba ambao ushindi wote usingeufidia. Na mali iliyotawanyika jangwani haijikusanyi. Wote walikuwa na hoja, na ndiyo maana ugomvi ulikuwa mgumu. Hapo ikashuka sura ya Anfal, ambayo mwanzo wake unaitoa ngawira mikononi mwao wote na kuwaamrisha wapatane baina yao. Mtume (SAW) akaigawanya kwa usawa.

Wengi hulijua hilo, lakini hulipita jingine lililo kandoni. Sayyidna Uthman bin Affan (RA) hakuwapo Badri kabisa. Alibaki Madina kwa amri ya Mtume (SAW) akimuuguza mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, aliyefariki katika siku hizohizo. Naye alihesabiwa, akapewa fungu kama waliopigana. Hakuna jicho la mpiganaji lililomwona Uthman akifanya kazi. Aliyegawa ndiye aliyejua kuwa kukaa na mgonjwa kulikuwa ni sehemu ya siku ile.

Tulivyogawa zawadi

Hapa kambini watu wana hekima ya jambo hili katika mali, hata kama hawajaipa jina. Tazameni akina mama wa Kikongo na likelemba yao, au wenzao Wamalawi na banki nkhonde. Hakuna anayeaminiwa kukumbuka. Kila kwacha inaandikwa mbele ya macho ya wote, na kitabu kinasomwa kwa sauti. Hawafanyi hivyo kwa kudhaniana wezi. Wanajua kwamba hata dada mcha Mungu ataikumbuka michango yake kumi na kuisahau miwili ya jirani. Lakini ikija kazi ya mikono, kama kufyatua matofali ya darasa, kupika chakula cha msiba au kuchora ramani, kitabu hakipo, na kila mtu anabaki na daftari la kichwani mwake.

Basi tuliwarudishia vijana karatasi zao. Safari hii hatukuwauliza waliofanya nini wenyewe. Kila mmoja alitakiwa kwanza aandike kazi za wenzake watano, mmoja baada ya mwingine kwa jina, na asichokijua akamuulize mwenyewe. Ndipo aandike sehemu yake. Simu zikapigwa baina ya Dzaleka na Lilongwe jioni nzima. Mmoja wa wachoraji hakuwa akijua kwamba mwenzake alikata herufi zote kwa wembe kwa sababu mkasi ulikuwa butu. Yule wa wembe hakuwa akijua kwamba ramani ilichorwa mara mbili, ya kwanza iliyeyuka kwa mvua iliyovuja. Mafungu yakashuka. Hayakufika hesabu kamili, bado yalizidi, lakini sasa yalikuwa ya kuzungumzika.

Fedha tuliigawa sawa kwa sawa. Wale wawili wanasalimiana. Hata hivyo tusiwafiche wasomaji: kijana mmoja, ambaye kwa kweli kabisa alifanya kazi kuliko wengine, aliondoka na kinyongo, na hatumlaumu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Eugene Caruso, Nicholas Epley na Max Bazerman, walionyesha kwamba kumtaka mtu afikirie kazi za wenzake hupunguza madai yake, lakini aliyefanya sehemu kubwa huweza kutoka hapo akiwa hana raha na kikundi wala hamu ya kurudi. Wategea kazi wapo. Wapo shuleni, wapo kwenye kamati za misikiti, wapo hata majumbani. Mzazi anayemwambia mtoto mchapakazi kwamba madai yake yote ni ubinafsi anamdhulumu. Kwa huyu kijana tulikaa naye peke yake, tukamwambia wazi kwamba tumeiona kazi yake. Fedha haikubadilika.

Ndugu zetu, lipo pia lililo zito kuliko ramani. Hapa Dzaleka, mahali palipokuwa kwanza gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, wanaishi zaidi ya watu 50,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Kila nyumba ina hesabu yake ya vita: nani alianza, nani aliokoa, nani alikimbia. Watoto huzileta hesabu hizo darasani. Na sisi Waislamu tuna yetu. Tunapenda kusema kwamba wazee wa Nkhotakota na wa Yao walileta Qur'ani, nguo na mpunga, na hayo ni kweli. Majahazi yaleyale ya Jumbe yalivusha watumwa, na hilo tunawaachia wengine walisimulie. Tulipolisema darasani, mwanafunzi mmoja alinuna. Bora anune hapa akiwa nasi kuliko alisikie nje akadhani tulimficha.

Na waliobeba mizigo?

Binti mmoja wa darasa la juu aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha. Alisema, mmetuletea madaftari ya Kirk na Thornton na Livingstone, je, waliokata kuni za Ma Robert waliandika wapi?

Jibu moja, tena dogo, linatoka katika safari hiyohiyo. Julai 1861, katika nyanda za juu za Shire, Livingstone na Askofu Mackenzie waliukuta msafara wa watumwa wakawafungua watu 84. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Miaka 12 baadaye, Mei 1873, Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, Chuma alikuwa mmoja wa viongozi wa msafara pamoja na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa siku kama 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,600 mpaka Bagamoyo. Huko Tabora walikutana na Mwingereza Cameron aliyewashauri wauzike palepale, wakakataa. Mbele zaidi, ambako wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao, wakatengeneza mzigo wa bandia wakajifanya wanaurudisha nyuma, na ule wa kweli wakaufunga kama robota la nguo. Februari 1874 wakawasili pwani, wakalipwa mishahara, wakatawanyika.

Aliyepelekwa Uingereza na jeneza alikuwa Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik, India, na aliyejua kuandika Kiingereza. Ndiye aliyekuwa miongoni mwa washika jeneza katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874, na Uingereza ikalijua jina lake kwanza. Chuma na Susi walialikwa baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Walikaa na Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone, wakamsimulia safari hatua kwa hatua, na kitabu kilipotoka mwishoni mwa mwaka huo umashuhuri ukahamia kwao. Halima, mpishi aliyekuwa katika msafara huo, hakuketishwa na mtu yeyote akaulizwa kurasa ngapi za safari zilikuwa zake.

Jumuiya ya Kijiografia ya London iliagiza medali za fedha kwa ajili ya waliobeba. Hazikuwa mbili kwa ajili ya Chuma na Susi, wala tatu pamoja na Wainwright. Zilitengenezwa 60.